Alimshuhudia rafiki yake, sasa hawasemeshani: jibu kwa mlezi wa vijana wa Pasua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mlezi wa vijana katika usharika mmoja hapa Pasua, Moshi. Vijana wangu wanaimba vizuri na semina hawakosi, lakini wakishatoka nje ya geti la kanisa ni kama wamevua joho la kwaya. Shuleni, chuoni, kijiweni, hakuna anayejua kwamba ni watu wa imani. Mwezi uliopita tuliwafundisha somo la kushuhudia, tukawaagiza kila mmoja alete rafiki mmoja. Binti mmoja wa kidato cha tatu alimwambia mwenzake wa dawati, ambaye ni Mwislamu, kwamba asipompokea Yesu atakwenda motoni. Alimwambia wakati wa mapumziko, wenzao wakisikia. Tangu siku hiyo hawasemeshani, na daftari la kemia la yule rafiki bado liko kwenye begi la binti yetu. Anaona aibu kulirudisha. Wazee wa kanisa nao wanataka ripoti ya roho ngapi zimepatikana. Nifanyeje ili vijana wawashirikishe marafiki imani yao bila kuwapoteza hao marafiki?

JIBU: Marahaba, dada mlezi. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nasimama palepale kwenye daftari la kemia. Nitalirudia mwishoni. Kwanza nikuombe jambo moja kuhusu huyo binti: asikemewe, wala asitolewe mfano mbaya mbele ya kundi. Katika vijana wako wote, yeye ndiye aliyetii mlichomwagiza. Alikwenda na sentensi mliyompa, akaitamka kama alivyoipokea, mahali ambapo mtu mzima angejua kutoitamka. Kosa hilo kubwa ni letu sisi walezi na walimu. Nasema letu kwa sababu na mimi nimefundisha hivyo kwa miaka, nikiwatuma watoto wa watu na maneno yangu midomoni mwao, kisha nikashangaa kwa nini hawarudi na furaha.

Ninaloliamini ni hili: kijana hawezi kusema nje jambo ambalo hajawahi kupewa nafasi ya kulisema ndani. Wahesabie vijana wako wiki nzima. Jumapili wanasikiliza mahubiri. Jumanne na Alhamisi wako kwenye mazoezi ya kwaya, wanaimba maneno aliyotunga mtu mwingine. Jumamosi semina, na huko pia anasema mnenaji. Ni lini kijana wa Pasua anakaa kitako na kuulizwa, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini anamwamini Kristo, na mtu mzima akanyamaza kumsikiliza mpaka amalize?

Chukua kipaimara. Miaka miwili mtoto anakariri Katekisimu Ndogo ya Luther, ile ya mwaka 1529: amri, imani, Baba Yetu, na kila baada ya kipengele kuna swali, “Maana yake nini?” Mimi naipenda mno kazi ya kukariri. Maneno niliyoyakariri nikiwa na miaka kumi na mitatu ndiyo yaliyonijia kinywani siku nilipokaa kando ya kitanda cha mama yangu hospitalini na sikuwa na sala nyingine. Lakini swali lile tumelifanya liwe na jibu moja tu, na mtoto akilitamka bila kukosea tunampa alama. Baada ya jibu la kitabu, ongeza swali la pili: “Na kwako wewe, maana yake nini?” Halafu vumilia kimya kitakachofuata. Mara ya kwanza kitakuwa kirefu.

Nikuoneshe ninachomaanisha. Jumamosi moja nilikuwa na vijana tisa katika chumba cha mikutano cha kanisa, mvua ikinyesha, tukinywa chai ya rangi. Mmoja wao ni dereva wa bodaboda upande wa Kiboriloni. Nikamwambia atueleze kwa nini anamwamini Yesu. Akasimama, akaweka mikono nyuma, akaanza: “Bwana Yesu asifiwe. Namshukuru Mungu kwa neema yake aliyonikirimia, akanitoa katika udongo wa utelezi, akaniweka juu ya mwamba...” Yalikuwa maneno mazuri, maneno ya Zaburi. Nikamwuliza, abiria wako akikuuliza mkiwa mmesimama mnasubiri lori lipite, utamjibu hivyo? Akacheka, akakaa. Akaichukua helmeti yake, akaiweka magotini, akawa anakwangua kwa ukucha stika iliyobanduka pembeni.

Kisha akasema, taratibu, bila kumtazama mtu: “Mwaka juzi nilimgonga mtoto. Akavunjika mguu. Nikakimbia. Nililala siku tatu kwa shangazi yangu Himo, siku ya nne chakula kikanishinda. Yale maungamo tunayosema kila Jumapili nilikuwa nayasema tu, lakini siku hiyo yalinikaba. Nikarudi, nikaenda kwao. Nilijua watanipiga. Baba yake akaniambia, kaa. Mpaka leo yule mtoto nampeleka shule mimi, hanilipi.” Akarudia kukwangua stika. Chai zetu zilipoa.

Dada, kijana yule alikuwa na habari hiyo yote kifuani, na sisi tulikuwa tumemfundisha kuificha nyuma ya maneno ya mimbarani. Kijiweni kwake hakuna anayejali mwamba na utelezi. Lakini kila dereva anajua maana ya kugonga na kukimbia, na kila mmoja wao amewahi kujiuliza angefanya nini. Baadaye aliniambia mwenzake mmoja alimwuliza kwa nini alirudi wakati hakuna aliyeshika namba ya pikipiki yake. Akamjibu. Hakuhubiri, aliulizwa, akajibu.

Sasa utaniambia, mwalimu, vijana wangu wengine hawajamgonga mtu. Wamezaliwa kanisani, wamebatizwa wakiwa wachanga, wanasema hawana ushuhuda. Hao ndio wengi, na tumewaumiza kwa kuwapandisha madhabahuni wale tu waliotoka kwenye bangi na pombe. Binti mmoja aliniambia: “Mimi nikigombana na mdogo wangu, usiku silali mpaka nimwombe msamaha, na wala mimi si mpole. Nadhani ni Yesu.” Hilo linatosha kabisa kumwambia rafiki. Yule kipofu wa Yohana sura ya 9 alibanwa na wasomi wakimwuliza mambo ya dini asiyoyaweza. Akawaambia anajua neno moja tu, kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona. Hakuongeza asilolijua. Wafundishe vijana kuishia pale ujuzi wao unapoishia, maana kijana anayetia chumvi ushuhuda wake leo, kesho rafiki yake wa bwenini atamwumbua, na haki yake.

Kwa hiyo mwezi mzima ujao usiwatume popote. Wakae wawiliwawili, mmoja aseme kwa dakika tatu, mwenzake asikilize bila kumkatiza, kisha wabadilishane. Lugha iwe ile ya njiani na ya daladala. Akisema “nimeoshwa kwa damu”, mwenzake amwulize, kama ambavyo mtu asiyejua angemwuliza, maana yake nini hasa. Wewe usisahihishe. Utasikia mambo yatakayokutia hofu, na mengine yatakayokuonesha kwamba huyu na huyu bado hawajaamini chochote, wanafuata kwaya. Ni heri ulijue hilo chumbani kuliko kuwatuma wakauze wasichonacho.

Kuna mstari tunaoupenda sana kwenye semina za uinjilisti, 1 Petro 3:15, kuhusu kuwa tayari kumjibu kila mtu. Tunausoma kwa kuruka. Petro anasema kumjibu kila mtu “awaulizaye” habari za tumaini, na anamalizia “lakini kwa upole na kwa hofu”. Kumbe kuna mtu aliyeuliza kwanza. Na mtu huuliza akiona. Kijana anayeongoza sala asubuhi kisha anaomba majibu ya mtihani jioni, hakuna atakayemwuliza habari za tumaini lake. Sisemi wakae kimya wakisubiri maisha yote, hapana. Mwanamke Msamaria aliacha mtungi kisimani akakimbia mjini kuwaita watu, na hakuna aliyekuwa amemwuliza. Ila hata yeye alikwenda na swali, je, huyu hawezi kuwa ndiye Kristo? Aliwaachia watu wa kwao nafasi ya kuja kutazama wenyewe.

Maswali ya marafiki mengine yatakuwa mazito, na hapa ndipo vijana wengi hushikwa na woga. “Tulimwombea mama na akafa, Mungu wako alikuwa wapi?” Kwa swali kama hilo mfundishe kijana kutokujibu haraka. Akae na rafiki yake. Kama alikuwepo msibani, kama alibeba viti na kuosha sufuria pamoja na wafiwa, anaweza kusema, “Sijui. Na mimi niliomba.” Kisha, kama ni kweli, amwambie kwamba Mungu anayemwamini alilia kaburini kwa Lazaro. Maswali mengine ni ya hasira: wachungaji wanaouza mafuta na maji, sadaka zisizojulikana zilikokwenda. Asilitetee kanisa kwa uongo. Akubali kilicho kweli, aseme kinamwumiza. Na yale asiyoyaweza, ya Utatu au ya Biblia ilivyoandikwa, aseme “nitauliza nikuletee”, halafu kweli aulize na kweli alete. Wewe mwenyewe ujiandae kuulizwa. Mchungaji wenu naye mwandalieni Jumamosi moja ya maswali tu, bila hotuba.

Sasa kuhusu Waislamu, maana ndipo jeraha lilipo. Moshi yetu si ya dini moja. Binti yako anakaa dawati moja na mtoto wa Kiislamu, anakopeshwa daftari, na pengine shangazi yake ameolewa na Mwislamu kule Majengo. Rafiki huyo anamjua Isa bin Mariamu, anamheshimu kama nabii, na ana sala zake tano na mfungo wake anaoushika pengine kwa bidii kuliko vijana wetu wanavyoshika Kwaresima. Kabla ya kusema, kijana aulize: wewe ukisali unamwomba Mungu nini? Mnafunga kwa nini? Asikilize kwa nia ya kujua. Huenda akaulizwa naye, na hapo ana ruhusa ya kusema waziwazi kwamba yeye anaamini Yesu alikufa na kufufuka, na kwamba hapo ndipo wanapotofautiana. Tofauti isifichwe, urafiki wa kweli unaibeba. Kinachokatazwa ni dharau, na kumwaibisha mtu mbele ya watu. Ile mihadhara ya uwanjani ya kushindana kwa vitabu, mmoja akitafuta kosa la mwenzake huku umati unashangilia, usiwapeleke vijana huko kujifunza. Wanajifunza kushinda, na mtu aliyeshindwa hadharani hatakuja kukuuliza habari za wokovu.

Na wajue sheria ya nchi yao. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini, na inasema kutangaza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi. Uhuru huo ni wa binti yako na ni wa rafiki yake vilevile. Tena hawa ni watoto walio chini ya wazazi. Rafiki wa miaka kumi na sita akitaka kuja kanisani, wazazi wake wajue. Msimfiche, msimtoroshe kwa kisingizio cha kujisomea. Shuleni, mkutano upite kwa mwalimu mlezi wa UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, na mkuu wa shule, usiwe wa kichochoroni. Na jingine linalonisumbua: kijana wa Kilutheri akimtoa rafiki yake Mkatoliki parokiani Kibosho akamleta kwenu, msipige makofi. Huyo alishabatizwa, ana jumuiya yake inayosali nyumba kwa nyumba. Mkimsaidia aipende zaidi ibada ya kwao mmefanya kazi ya injili.

Wazee wa kanisa nawaheshimu, na najua ripoti inadaiwa kutoka juu. Waambie kwa adabu kwamba hesabu ya roho huwafanya watoto wamtazame rafiki kama mkungu wa kupeleka sokoni. Rafiki hunusa jambo hilo upesi. Wapelekee hesabu nyingine: vijana wangapi mwezi huu wamesimulia imani yao kwa maneno yao kwenye kundi, wangapi wameleta swali gumu. Majina ya marafiki wanaoombewa yabaki kwa vijana, yasisomwe kanisani wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Wazee wakikataa, wakumbushe historia ya kanisa la mlima huu wa Kilimanjaro, maana wanaijua kuliko mimi. Wamisionari wa Leipzig, kutoka Ujerumani, walianza Machame mwaka 1893. Mwaka 1920, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakaondolewa, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wa hapahapa. Hazikufa. Watu walikuwa wamekwisha kuipokea imani kwa ndugu, jirani na rika lao. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyetumika Old Moshi miaka mingi hadi 1938, aliliona hilo. Aliwapanga vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya wenzi, kwa kufuata utaratibu wa rika wa Kichagga, kila mmoja akiwajibika kwa mwenzake. Unaweza kumpinga Gutmann kwa mengi, na wengi walimpinga. Kwa rika alikuwa sahihi, nasema hivyo baada ya kuwatazama vijana kwa zaidi ya miaka ishirini: kijana mmoja akitumwa peke yake huvunjika au huwa mkali. Wawili wanaoombeana na kuambiana ukweli huenda mbali. Wawe wa jinsia moja, kwa sababu unazozijua. Ushuhuda wa mvulana kwa msichana usiku kwenye simu mara nyingi huwa umegeuka kitu kingine kabla wenyewe hawajatambua.

Itafika siku rafiki atasema sawa, nitakuja. Filipo alimwambia Nathanaeli “Njoo uone”, basi jiulizeni ataona nini. Akiingia, kijana aliyemwalika akae naye benchi moja, aiache kwaya Jumapili hiyo, kwaya haitaanguka. Amwambie mapema lini watu husimama, na kwamba sadaka si lazima. Ile desturi ya “wageni wetu simameni tuwaone” wengine wanaifurahia, wengine wanatamani ardhi ipasuke. Mgeni aulizwe kwanza. Usimharakishe kutoka. Nimeona vijana waliokaa wagumu ibada nzima wakalainika nje kwenye mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, mkungu wa ndizi na trei ya mayai vikinadiwa, bibi mmoja akipandisha bei kwa ajili ya kuwafurahisha watu tu, na mgeni akajikuta anacheka na watu asiowajua. Mwacheni akae hapo. Na asipotaka kurudi tena, Jumatatu urafiki uendelee kama ulivyokuwa Ijumaa. Vijana wako waahidi hilo kabla hawajamwalika mtu yeyote.

Turudi kwa binti. Keti naye peke yake, umwambie kwamba sentensi ile ilitoka kwetu na kwamba unaomba radhi. Nadhani atalia, mwache. Kisha muulize kama anampenda yule rafiki, nje ya habari za kumleta kanisani. Kama jibu ni ndiyo, anajua la kufanya kuliko sisi. Kwa wazee wetu wa Kichagga, mtu aliyemkosea mwenzake alikwenda na jani la isale mkononi, na aliyeletewa isale alijua amekuja kuombwa msamaha hata kabla hajaambiwa neno. Binti yetu anacho cha kushika: ana daftari. Alifunike upya kwa gazeti au karatasi safi ya kaki, maana limekaa begini wiki kadhaa na lazima pembe zimekunjika. Alipeleke kabla ya mtihani wa mwezi, rafiki yake asije akakosa pa kusomea. Amwendee akiwa peke yake, aseme, “Nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe.” Asiongeze habari ya kanisa, asitie kikaratasi cha mstari ndani ya daftari. Rafiki akilipokea na kuondoka bila kusema kitu, amwache aende.

Na kesho yake asubuhi akamsalimie.